Bati Lililobonyea Si la Kutupwa

Anayedai kwamba kila bati lililobonyea libadilishwe, la lori au la ndege iliyoundwa nyumbani, anakosea.

Mafundi wa bodi wa Busia na Tororo huyanyoosha mabati ya malori kila siku. Fundi hushikiza chuma kizito kwa nyuma, kisha hugonga taratibu kutoka ukingoni kwenda katikati. Puti huja mwisho, tena nyembamba.

Ni kweli, ndege haitaki papara. Alumini ya ndege ya aina ya 2024-T3 ikichomwa moto hupoteza nguvu. Ikigongwa mno hupasuka. Hata hivyo, mbonyeo laini usio na ufa, mkwaruzo wala kona kali huweza kuhesabiwa kuwa dosari ndogo, mradi hauigusi mifumo ya ndani.

Basi bati likaguliwe kwanza.