Mikanda ya Nanga Irudi Kagera

Msomaji wa visiwani akilisikia neno nanga hufikiri kwanza kile chuma kinachokizuia chombo kisichukuliwe na mawimbi. Nanga ninayoiandikia leo ni nyingine. Ni enanga ya Wahaya: ubao uliochongwa na kutobolewa mithili ya chano, kisha uzi mmoja mrefu ukapitishwa juu yake kwenda na kurudi hata zikapatikana nyuzi saba, kila mmoja na sauti yake. Haina umeme, haina kipaza sauti, wala haihitaji kundi la wapigaji. Mtu mmoja huketi nayo, huzichezea nyuzi kwa vidole, na kwa sauti yake peke yake husimulia habari za mashujaa, za wafalme, za wanawake waliowashinda waume zao kwa akili, na za Mugasha, ambaye wazee wetu walimwita bwana wa ziwa na wa dhoruba. Nawafafanulia haya ndugu zetu maofisa waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine, maana ni vigumu mtu kukitunza kitu asichokijua.

Nina hoja moja, nayo yahusu mikanda. Hapa Kitendaguro, na katika vijiji vyote vya Bukoba na Muleba nilivyopata kuvitembelea kwa kazi za Chama, wapo wapenzi wa nanga wasiohesabika, na wengi wao hawajapata kumwona manju kwa macho yao kwa miaka mingi. Wanachokipenda ni sauti iliyonaswa. Zamani ilikuwa kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, nayo ikanakiliwa tena, hata maneno yakawa kama yanatoka chini ya maji. Siku hizi ni simu ya mkononi, na sauti ni ileile iliyofifia, imehamishwa tu kutoka mkanda kuingia katika kadi. Mtu mzima huitoa simu yake matangani, saa za usiku mazungumzo yalipopungua, akawaomba wenziwe wanyamaze, nao hunyamaza. Nimeyashuhudia haya mara nyingi, na kila mara najiuliza ni kitu gani kiwafanyacho watu waivumilie sauti mbovu kiasi hicho, hali redio inawapa muziki safi bure mchana kutwa.

Jibu, kwa maoni yangu, ni kwamba mikanda hiyo ilirekodiwa mbele ya watu. Ukisikiliza kwa makini utasikia kikohozi cha mzee, utasikia bibi akimsahihisha manju jina la ukoo, utasikia kicheko kinachoanza pembeni na kuenea nyumba nzima, kisha sarafu zikianguka anapotunzwa. Manju huyasikia yote hayo na kuyajibu. Akiona waliohudhuria ni wa ukoo fulani, huuchelewesha wimbo ili awataje babu zao. Akiona wamechoka, hukipunguza kisa. Akiona wanalia, hukirefusha. Kwa hiyo hakuna mikanda miwili ya kisa kimoja inayofanana. Wapenzi wa nanga walijua jambo hili kabla ya wataalamu, na ndiyo sababu hubishana usiku kucha juu ya ule uliopigwa harusini na ule uliopigwa kilabuni, upi ni bora, mithili ya watu wa mpira wanavyobishana juu ya mechi mbili za timu moja. Fundi wa mitambo atakwambia kwamba kelele za watu zaharibu kazi na kwamba afadhali manju angefungiwa ndani ya chumba kilichozibwa kwa magodoro. Fundi huyo angetupa mkanda safi wenye manju nusu.

Wataalamu nao walikuja, na haifai kuwasahau. Hugh Tracey, aliyezunguka sehemu kubwa ya bara hili na mitambo yake, alifika Tanganyika mwaka 1950 na kurekodi muziki wa makabila kadha, wa Wahaya ukiwamo. Kazi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha huko Afrika ya Kusini mwaka 1954. Peter Seitel, Mmarekani, aliishi na Wahaya akatoa mwaka 1980 kitabu cha hadithi zetu, na mwaka 1999 kingine juu ya fasihi yetu simulizi. Aliyekwenda mbali zaidi ni mwana wa mkoa huu, Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1983 aliuliza mbele ya ulimwengu wa wasomi kama manju wetu wa nanga ni watunzi wa tendi au la. Mwaka 1986 akakamilisha tasnifu nzima juu ya tendi za nanga. Na mwaka 2002 akaichapa hoja yake katika kitabu. Wakati huo walikuwapo wataalamu wa Ulaya waliosema kwa yakini kwamba Mwafrika hana utendi. Mulokozi aliwajibu kwa ushahidi wa manju kama Habibu Selemani, ambao visa vyao vya akina Rukiza na Kachwenyanja vina urefu, ushujaa na ufundi wa kutosha kukaa meza moja na tendi za mataifa mengine.

Hebu tulifikiri jina hilo, Habibu Selemani. Mimi nilianza kusoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kabla sijaingia shule ya Serikali, na nakumbuka jinsi tulivyofundishwa kwamba nyuzi ni upuuzi unaomsahaulisha mtu swala. Ndugu zetu Wakristo nao walifundishwa na wamisionari kwamba nanga ni mambo ya kipagani, kwa kuwa ndani yake wametajwa akina Mugasha. Na bado aliyezishika nyuzi hizo kwa ustadi uliomshughulisha profesa ni mtu mwenye jina la Kiislamu, akiimba Kihaya cha kale katika vikao vya wasikilizaji wa kila dini. Watu wa kawaida waliumaliza ubishi huo wenyewe, bila mkutano wala azimio.

Lipo pingamizi jingine, na hili limetoka upande wetu wa siasa. Wamekuwapo makada waliodai kwamba nanga ni muziki wa kikabaila, wa kuwatukuza Abakama waliowanyonya wananchi kwa ile mifumo ya nyarubanja, na kwamba uchifu ulipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilipasa nanga nayo ifutwe. Sikubaliani nao. Ni kweli manju walikula katika nyua za wafalme. Lakini asikilizaye vizuri atagundua kwamba katika visa hivyo mfalme si mwema daima; aghalabu yu mwoga, yu mwenye wivu kwa shujaa aliyemzidi, na msikilizaji huachwa amhukumu. Ofisa anayedhani nanga ni sifa tupu hajaisikiliza hata nusu saa. Tena Mwalimu Nyerere, alipohutubia Bunge mwezi Desemba mwaka 1962 na kuunda wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba ukoloni ulitufanya tuzionee haya ngoma zetu wenyewe tukajivunia za wageni. Hakusema tuzikumbuke zile tu ambazo hazikupata kuimbwa mbele ya mfalme.

Jambo linaloniudhi kwa hakika ni namna sisi wenyewe tunavyomtumia msanii wa jadi. Mgeni mkubwa akitarajiwa, ofisi hukumbuka ghafla kwamba yupo mzee apigaye nanga. Huletwa kwa gari, huketishwa juani saa nne, hupewa dakika tatu, tena huagizwa aingize jina la mgeni katika wimbo. Kisa chake ambacho kingetaka saa mbili hukatwa kichwa na miguu. Akimaliza hupewa soda na nauli, na mara nyingine nauli yenyewe hucheleweshwa. Kisha tunaandika katika taarifa ya robo mwaka kwamba utamaduni umeendelezwa.

Wapo watakaosema: nani atanunua nyimbo za Kihaya cha zamani? Hao wamesahau upesi. Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Bukoba mwenye ngoma na sauti yake, alitoa albamu ya Maria Salome iliyoimbwa kwa Kihaya, nayo ikapenya Tanzania nzima na kuvuka mipaka, kwa watu ambao hawakuelewa hata neno moja. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudia wimbo huo kwa mtindo wao, na vijana ambao hawakuwa na umri wa kuukumbuka ule wa kwanza wakaucheza upya. Kama bidhaa ya lugha yetu haiuziki, basi hao wote walikuwa wakicheza nini?

Na Dodoma nako kuna funzo. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo, mpigaji wa zeze na marimba, alikuwa mwalimu wa sanaa Bagamoyo na mtumishi wa utamaduni wa taifa hili hadi alipofariki dunia Desemba 2003. Albamu yake ya Chibite ilitolewa mwaka 1996 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Wapenzi wa muziki wa Ulaya na Japani waliweza kuingia dukani na kuinunua kazi ya Zawose ikiwa imefungwa vizuri, pamoja na maelezo. Swali langu ni kama mkulima wa mtama kule Ugogo aliweza kufanya hivyo kwa urahisi huohuo. Siwalaumu Waingereza, walikiona kitu cha thamani wakakichukua kwa mkataba. Sisi tulikuwa nacho sebuleni.

Sasa nije kwenye mikanda yenyewe. Tangu mwaka 1965 ilipoundwa Redio Tanzania Dar es Salaam, hadi katikati ya miaka ya 1990 vituo vya watu binafsi vilipoanza kusikika, redio hiyo ya Taifa ndiyo iliyokuwa sikio la nchi. Mafundi wake walizunguka mikoani kurekodi ngoma na nyimbo za jadi, na hazina hiyo sasa imo mikononi mwa Shirika la Utangazaji, TBC. Utepe wa sumaku si jiwe. Gundi inayoshikilia unga wake huoza, hasa penye joto na unyevu kama wa Dar es Salaam. Na hata utepe ukiwa mzima, mashine za kuusoma zinazidi kuwa adimu kila mwaka, na mafundi wanaozijua wanastaafu. Kila masika yanayopita yanakula sehemu ya sauti hizo.

Serikali haiwezi kusema kwamba jambo hili haliko katika wajibu wake. Mwaka 2011 Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa kuhifadhi urithi wa utamaduni usioshikika, ambao unaitaka kila nchi iorodheshe mali zake za namna hiyo. Jirani zetu wamekwisha kuutumia. Uganda iliiandikisha bigwala, muziki wa tarumbeta za vibuyu vya Wasoga, mwaka 2012, na mwaka 2016 ikaandikisha kinubi cha Wamadi, kama urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Burundi iliandikisha ngoma zake za kifalme mwaka 2014, na hakuna aliyesema huko kwamba ufalme umerudi. Sisi tuko ng'ambo ya mpaka tu.

Basi naziomba ofisi zinazohusika mambo yafuatayo, na sioni hata moja lililo juu ya uwezo wao. Mkoa uiandikie TBC kuomba orodha ya kanda zote zilizorekodiwa Ziwa Magharibi, na Kagera baada ya jina kubadilishwa mwaka 1979, kisha ulipie nakala. Halmashauri ya Manispaa ya Bukoba na ile ya Muleba zitenge fungu dogo ili Ofisa Utamaduni awafuate manju waliobaki, awarekodi katika harusi na vilabu, mbele ya watu wao, kisa kizima tangu mwanzo hadi mwisho, wala asiwaite ofisini. Manju alipwe siku hiyohiyo, na jina lake liandikwe katika kazi, maana sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua aliyeimba sawa na inavyomtambua aliyetunga. Na wale wapenzi wenye kaseti kuukuu ndani ya masanduku waalikwe kwa heshima wazilete zinakiliwe, kisha warudishiwe mali yao mkono kwa mkono. Baadhi ya kaseti hizo huenda zina visa ambavyo hata redio ya Taifa haikuvipata.

Najua itaulizwa kwa nini fedha itumike kwa nyuzi wakati zipo shule zilizopasuka katika tetemeko la Septemba 2016 na zahanati zinazodai dawa. Ni swali halali. Lakini sikuomba jengo. Gharama ya kinasa sauti kimoja kizuri, kadi zake na nauli ya ofisa mmoja haifikii gharama ya mahema, viti na chakula vya mapokezi ya mgeni mmoja, na mapokezi hayo tumekuwa tukiyamudu kila mwaka bila ya mtu kuuliza habari ya zahanati.

Nakala za kwanza zitakapokuwa tayari, napendekeza zisianzie mjini. Zipelekwe Bumbire, Ikuza, Goziba na Mazinga, kwa wavuvi wanaolala ziwani na taa zao wakisubiri dagaa, ambao redio huwafikia kwa shida upepo unapobadilika. Huko Wahaya wanaishi pamoja na Wakerewe, Wazinza, Wajita na Wasukuma, na si wote watakaokielewa Kihaya. Basi vitangulizwe na maelezo mafupi kwa Kiswahili, mtu mmoja akisimulia kisa chenyewe kabla ya nyuzi kuanza. Kisa cha kwanza kiwe cha Mugasha. Wavuvi hao wanalijua ziwa kuliko ofisi yoyote, nao ndio watakaotuambia kama manju aliisimulia dhoruba sawasawa.