Ushujaa wa Kalamu

Watoto wengi hudhani ya kuwa shujaa sharti awe na mkuki au bunduki mkononi. Mimi nasema yuko shujaa wa namna nyingine, naye silaha yake ni kalamu. Mmoja wa hao ni Shaaban Robert.

Huyu alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga. Mwaka 1926 aliingia kazi ya ukarani wa forodha, akawa mtumishi wa serikali muda wa miaka mingi, mara Pangani, mara Mpwapwa. Kutwa kalamu yake ilikuwa ya ofisi. Tungo zake alikuwa hana budi kuziandika katika saa zake mwenyewe.

Tena kazi hiyo haikuwa na ahadi ya sifa. Vita Kuu ya 1939 hata 1945 aliitungia utenzi wa beti zipatazo 3,000. Kila ubeti una mistari minne. Mitatu ya kwanza sharti ilingane vina, na wa nne ulingane na wa nne wa beti zote. Hesabuni wenyewe: yapata mistari 12,000! Lakini utenzi huo ulipigwa chapa mwaka 1967, naye alikwisha kufa mwaka 1962. Kadhalika kitabu chake Utubora Mkulima kilitoka mwaka 1968. Hakuvishika mkononi, wala hakumsikia mtu akivisoma.

Wako wasemao, "Yeye alikuwa na kipaji, sisi hatuna." Neno hili silikubali. Kipaji ni mbegu tu, na mbegu bila jembe haizai kitu. Beti zile zilitungwa moja moja, na ubeti wa elfu ulitaka moyo ule ule wa ubeti wa kwanza. Huo ndio ushujaa: kuendelea na kazi njema hali hujui kama utasifiwa.

Basi ninyi, wanangu, mnaoficha insha zenu kwa hofu ya kuchekwa, zitoeni. Achekaye leo husahau kesho, bali neno lililoandikwa vema hudumu. Andikeni ukurasa mmoja kila juma; msomeeni mwenzenu, sahihisheni, kisha andikeni tena. Wala msingoje nafasi, kwa maana nafasi haiji yenyewe, hutengwa. Haba na haba hujaza kibaba.