Neno "Mionzi" Pekee Halitutoshi

Wakazi wa Uyombo, Kilifi, walikipinga hadharani kituo cha umeme wa nyuklia mwaka 2024. Mwaka 2025 serikali ikaelekeza macho Siaya, ufuoni mwa ziwa letu, na neno "mionzi" likaingia vinywani mwa watu hadi Kisumu. Mmoja aliogopa, mwingine alibeza, na wote wawili walitumia neno moja kwa mambo yasiyofanana. Katika Kiswahili chetu mionzi ni ya jua, ya simu, ya eksirei na ya nyuklia, yote sawa!

Uboho uliomo mifupani haukubali usawa huo. Humo mna seli mama za damu, ambazo Till na McCulloch walizidhihirisha mjini Toronto mwaka 1961: panya waliopigwa mionzi walitiwa uboho wa wenzao, na vinundu vya seli mpya vikaota wenguni mwao. Mionzi ya gama na ya eksirei huziachia seli hizi majeraha yaliyotawanyika, nazo hupata nafasi ya kujitengeneza, hasa kipimo kikija polepole. Alfa na nutroni hujeruhi kwa msongamano, zikikata pande zote mbili za uzi wa urithi mahali pamoja. Hapo kuchelewesha kipimo hakusaidii sana. Katika hesabu za kinga, gama hupewa uzito wa 1, alfa 20. Lakini alfa hiyo hiyo huzuiwa na ngozi tu! Balaa huja kitu kinachoitoa kinapomezwa, mathalani radiamu, ambayo hukaa mfupani, jirani kabisa na uboho.

Tena seli mama nyingi huwa zimelala. Iliyolala hujiunga kwa pupa, ikabaki hai na kasoro yake, na kasoro hiyo yaweza kuzaa saratani ya damu miaka kadhaa baadaye, kama ilivyoonekana kwa manusura wa Hiroshima na Nagasaki.

Mwanafunzi wa fizikia katika shule zetu za upili huyasoma haya ya alfa na gama kwa Kiingereza, akafaulu mtihani, kisha hana la kumweleza nyanya yake anayeitwa barazani kutoa maoni. Walimu wenzangu, tumpe maneno, kwa Kiswahili na kwa Dholuo, ili mzee huyo aweze kumwuliza mtaalamu: mionzi ipi, kiasi gani, kwa muda gani, nje ya mwili au ndani?