Mfanyakazi Mpya Naye Apewe Somo



Mwari wetu wa pwani haolewi hivi hivi. Hupewa somo wa kumfunda, wa kumkanya na wa kumkimbilia mambo yakimzidi. Basi kwa nini binti huyo huyo akipata kazi hotelini au dukani pale Bagamoyo tunamwacha peke yake? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tunampa siku ya kwanza, na shamba hatumwonyeshi. Hajui aswali wapi, wala amuulize nani bila kuchekwa. Mwezi haujaisha ameacha kazi, nasi tunasema vijana wa siku hizi hawana subira.

Tunaona kosa ni la wenyeji.

Fikirieni kazi ya mwani, kama ile ya kina mama wa Mlingotini. Hufanyika maji yakitoka, na maji hayamsubiri mtu. Mgeni akifunga mbegu kwa ulegevu, bahari inaichukua, na mavuno ni baada ya wiki sita hivi. Asipofunga kamba zake za mwanzo pembeni ya mzoefu, atavuna kamba tupu.

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwaunganisha Muhajirina na Ansari kwa udugu, mtu na mwenzake. Abdurrahman bin Auf aliunganishwa na Saad bin Rabii. Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko tu. Mgeni hakutaka kubebwa, alitaka njia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Ni haki yake, adai. Lakini karatasi haimwambii bosi anapenda kuulizwa saa ngapi, wala haimkaribishi kwenye chakula cha mchana.

Kwa hiyo tunasema: kila mfanyakazi mpya apewe somo kwa miezi mitatu ya mwanzo. Asiwe bosi wake, maana bosi haulizwi maswali ya aibu. Na huyo somo apunguziwe kazi zake, asije akamfunda mwenzake kwa kununa.

Nawe dada uliyezoea kazini, usisubiri kuteuliwa. Kesho mwite yule mgeni, mle pamoja.