Nilimhukumu Mchoraji Bila Kumwuliza

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno juu ya picha zifanywazo na akili bandia, maana naona wengi wetu, wazee kwa vijana, twazihukumu kabla ya kuzitazama.

Mwaka jana niliitwa katika shule moja hapa Uganda kuwa mwamuzi wa mashindano ya kuchora. Picha zililetwa kwa simu. Karatasi zenyewe hatukuziona. Moja ilionyesha mikono ya bibi akimenya matoke. Nilisema kwa sauti kuwa hiyo ndiyo ya kwanza. Kisha mwenzangu akanionyesha kidole kimoja kilichopinda upande. Twajua sote jinsi mashine hizi zilivyokuwa zikikosea vidole. Nikatazama tena, na ajabu, picha ile ile ikawa baridi machoni pangu: kivuli nikakiona kibaya, ngozi nikaiona yang'aa mno. Tukaitoa. Mvulana aliyeichora hakuulizwa neno.

Siku ya wazazi nilikutana na bibi yake. Aliponipa mkono nikakishika kidole kile kile.

Nilimwomba radhi yule kijana, lakini zawadi ilikuwa imekwisha kutolewa.

Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2022, katika maonyesho ya jimbo la Colorado, Marekani, picha iliyofanywa kwa programu ya Midjourney ilipata zawadi ya kwanza. Habari ilipoenea, watu wengi wakaghadhibika. Mwaka 2024 mambo yakageuka. Mpiga picha Miles Astray alipeleka picha ya kweli ya flamingo (ndege wale wa Ziwa Nakuru) aliyeinama kujikuna hata kichwa hakionekani, akaiingiza katika fungu la akili bandia. Waamuzi wakaipa nafasi ya tatu, na kura za watu zikaipa ushindi. Aliposema kweli, ikaondolewa. Ndege hakubadilika hata unyoya mmoja.

Wako wasemao: basi, kama jicho haliwezi kupambanua, kuna haja gani ya kujua nani amechora? Hapo siwafuati. Barua ya mama yangu na barua iliyoandikwa na karani zaweza kuwa na maneno yale yale, lakini mimi nitaiweka moja tu. Picha ya matoke ina thamani kwangu kwa sababu mjukuu aliketi mbele ya bibi yake akamtazama. Kosa langu ni kutaka jicho linijulishe jambo ambalo kinywa cha mchoraji kingenieleza mara moja.

Kwa hiyo nawaomba walimu na waamuzi wenzangu: kabla ya kuitupa picha, mwiteni mchoraji, mpeni penseli na karatasi, achore mbele yenu. Dakika 10 zatosha.

Mimi,
Mwanafunzi wa Zamani