Sifa za Mercedes ni za Nani?

Jumamosi moja ya muhula huu, baada ya mdahalo kwisha, wenzangu wawili wa bweni letu walishikana kwa maneno juu ya motokaa ya Mercedes. Mmoja alisema kwamba sifa za kuibuni motokaa ile ni za Bwana Benz, kwani hata mtoto mdogo akiiona inapita hupiga kelele, "Benzi!" Wa pili akashikilia kwamba ni za Bwana Daimler. Nikaulizwa mimi, kwa kuwa ni mwenyekiti wa Chama cha Sayansi, nami nikajibu kwa majivuno kwamba sifa ni za Wajerumani wote. Jibu hilo halikumridhisha mtu, hata mimi mwenyewe. Basi nikaenda maktaba. Naomba wasomaji mnivumilie, maana mwisho wa habari hii umenihusu kuliko nilivyotazamia.

Kwanza tumwondoe Bwana Carl Benz. Ni kweli kwamba alipewa hataza ya motokaa yake mwaka 1886, na heshima hiyo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini Mercedes ya kwanza ilitengenezwa Cannstatt, karibu na Stuttgart, katika kiwanda cha Daimler. Benz alikuwa na kiwanda chake mwenyewe huko Mannheim, na viwanda hivyo vilikuwa vikishindana. Viliungana mwaka 1926, robo karne baada ya Mercedes kuzaliwa. Kwa hiyo sisi tunaosema "Benzi", pamoja na wazee wetu ambao baada ya uhuru waliwaita wakubwa wenye magari hayo "Wabenzi", tumekuwa tukimsifu mshindani! Bwana Gottlieb Daimler naye alifariki mwezi wa Machi 1900, kabla motokaa yenyewe haijaagizwa.

Na Mercedes ni nani? Ni msichana mdogo. Baba yake, Emil Jellinek, alikuwa tajiri aliyekaa Nice, kusini ya Ufaransa, akiwauzia matajiri wenzake motokaa za Daimler. Alipenda mbio mno, na katika mashindano alijiandikisha kwa jina la binti yake. Basi mwezi ule ule wa Machi 1900, katika mashindano ya kupanda mlima karibu na Nice, fundi wa kiwanda aitwaye Wilhelm Bauer alishindwa kuikata kona na motokaa yake ya Daimler, akagonga mwamba, akafa. Motokaa ile ilikuwa fupi, nzito, tena imeinuka juu mno. Mtu aliyeketi ndani yake alikuwa kama aliyeketi juu ya lundo la magunia.

Jellinek hakuacha mbio. Aliwaambia wenye kiwanda watengeneze motokaa nyingine: iwe ndefu, pana, nyepesi, iliyoinama karibu na ardhi, na yenye nguvu kuliko zote. Aliahidi kununua 36 kwa Mark 550,000, fedha nyingi ajabu kwa wakati ule, kwa sharti kwamba ziitwe Mercedes. Binti alikuwa na umri wa miaka kumi.

Sasa nimfikie mtu ambaye hakuna aliyemtaja bwenini. Jina lake ni Wilhelm Maybach. Alizaliwa mwaka 1846, mtoto wa seremala, na alipofika umri wa miaka kumi hivi alikuwa hana baba wala mama. Akapelekwa Reutlingen katika nyumba ya kulelea watoto iliyoanzishwa na mchungaji mmoja, na huko ndiko alikojifunza kuchora michoro ya mitambo. Nyumba hiyo ilikuwa na karakana yake, na Daimler alipokuja kuisimamia alimwona kijana huyu, akamchukua. Tangu hapo walifanya kazi pamoja mpaka Daimler alipokufa. Daimler alikuwa na jina na mtaji. Maybach alikuwa na kalamu ya risasi.

Agizo la Jellinek lilipofika, ni Maybach aliyekaa nalo mezani. Fremu aliifanya ya chuma cha bamba kilichokunjwa, injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 35 akaishusha chini, na usukani akaulaza nyuma kumwelekea dereva. Lakini lililonistaajabisha kuliko yote ni rejeta. Injini yenye nguvu hupata moto sana, na kuipoza kulitaka maji mengi, na maji ni mzigo. Maybach alipanga vijibomba 8,070, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 6, kama masega ya nyuki, hewa ikapita katikati na maji yakapoa upesi. Nani aliyevishika na kuviunga vijibomba hivyo vyote kwa mkono wake, vitabu nilivyosoma havikumtaja, nami nilisikitika kidogo.

Motokaa ya kwanza ilipelekwa kwa Jellinek mwezi wa Desemba 1900. Machi 1901 ilikwenda Nice, ikapanda mlima ule ule uliomwua Bauer, ikawashinda wote. Tangu hapo motokaa zikaacha kufanana na gari la farasi lililopotelewa na farasi wake.

Wako watakaosema kwamba sifa ni za Jellinek. Bila yeye, nani angeomba motokaa ya namna ile? Nakiri kwamba hoja hii ina uzito. Zile motokaa ndefu kwenda juu zilitoka katika kiwanda ambacho Maybach alikuwa mchoraji wake mkuu, na huenda asingezibadili upesi hivyo kama mteja asingepiga meza. Tena Jellinek alihatarisha fedha zake. Apewe sifa ya kutaka, ya kulipa na ya kuuza. Hata hivyo kutaka si kubuni. Yeye alisema motokaa iwe nyepesi. Maybach ndiye aliyejua uzito upunguzwe wapi. Jellinek mwenyewe hakuona hivyo, naona, maana mwaka 1903 alibadilisha jina lake akawa Jellinek-Mercedes. Na Maybach? Alisukumwa pembeni kiwandani, akaondoka mwaka 1907. Siku hizi jina lake limebandikwa kwenye Mercedes za bei kubwa kabisa, yaani amepewa sifa hatimaye, lakini kwa magari ambayo hakuyachora! Yeye, Carl Benz, na yule binti Mercédès, wote watatu walifariki katika mwaka mmoja, 1929.

Nilipokuwa nikiandika maneno hayo juu ya Jellinek nilisita, kalamu ikawa nzito. Mwaka jana chama chetu kilipeleka mashine ya kupukuchua mahindi kwenye maonyesho, ikapata cheti. Wazazi waliokuja siku ya kufunga shule wamekiona katika kabati la vioo. Kimeandikwa jina langu. Ni kweli kwamba mimi ndimi niliyetaka mashine, na mimi ndimi niliyesema izungushwe kwa pedeli za baiskeli. Lakini wiki tatu nzima mahindi yalikuwa yakikwama na kuvunjikavunjika, mpaka mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili alipochora katika daftari lake la hesabu namna ya kuyainamisha yale meno ya chuma. Siku ya maonyesho nilisimama mbele nikaeleza habari za meno yale kwa ufasaha mkubwa. Yeye alikuwa nyuma, akizungusha pedeli.

Nimekwenda kwa Mwalimu wetu wa sayansi nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba cheti hakiwezi kufutwa, bali tunaweza kuweka kadi chini yake. Kadi imekwisha kuandikwa, nayo imo kabatini tangu Jumatatu, na anayetaka aende akasome jina lililomo. Mwenye jina nilimpeleka aione. Aliitazama, akasema kwamba mashine ile bado inavunja mahindi yasiyokauka vizuri, kisha akaniuliza kama daftari lake la hesabu ningali nalo.

Mwenyekiti, Chama cha Sayansi
Kidato cha Tatu