Chujio la Mvuvi na Chujio la Taifa

Samaki anayeliwa mchana Kariakoo, Ilala na Magomeni, mara nyingi ameteremshwa alfajiri katika soko la Feri kutoka kwenye boti inayosukumwa kwa mashine ya petroli. Mtumishi wa ofisini na mwalimu wanaomnunua samaki huyo ni nadra kujiuliza mashine hiyo ilinyweshwa mafuta gani. Wengi wataona kuwa hilo ni jambo la mafundi. Sivyo. Ni jambo la uhai wa watu, na sehemu yake kubwa imo mikononi mwa watumishi wa umma.

Gari likizimika barabarani, dereva huteremka akalisukuma. Boti ikizimika nje ya kisiwa cha Mbudya wakati wa kusi, hakuna pa kuteremka. Upepo na mkondo ndio wanaokuwa manahodha. Na mara nyingi kinachozima mashine si ubovu wa chuma, bali ni maji na takataka zilizomo katika mafuta.

Petroli ni nyepesi kuliko maji. Kwa hiyo maji yakiingia tangini hutuama chini, na mrija wa kunyonya mafuta nao huchota huko huko chini. Bahari ikiwa shwari, huenda yasilete madhara. Bahari ikichafuka, hutikiswa yakapanda hadi kwenye kabureta, saa ile ile ambayo nahodha anaihitaji mashine kuliko saa nyingine yoyote. Chanzo chake ni dumu lisilokaushwa, mfuniko uliolegea, na unyevu wa hewa unaogeuka matone ndani ya tangi lililolala nusu tupu.

Kinga yake si ghali. Mafuta yaachwe yatulie, yamiminwe kupitia faneli yenye wavu laini, na machicha ya chini yasimiminwe. Kati ya tangi na mashine kifungwe chujio la kutenga maji, lenye kikombe cha kuonea, ili nahodha akitazame kabla ya kung'oa nanga. Mwenye mashine inayochanganyiwa oili afuate kipimo cha mtengenezaji. Kama kipimo ni sehemu 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinataka mililita 400 za oili, tena oili ya boti yenye alama ya TC-W3, si oili yoyote iliyoonekana rahisi dukani.

Hata hivyo, chujio lina mpaka wake. Huzuia mchanga, kutu na maji. Haliwezi kuzuia mafuta ya taa yaliyokwisha changanywa na petroli. Ziko mashine zilizoundwa makusudi kutumia mafuta ya taa, na hizo hatuzisemi. Ile iliyoundwa kwa petroli, ikinyweshwa mchanganyiko huo, huwaka kwa shida, hugongagonga, hujaa masizi, na mwisho pistoni huharibika. Mvuvi hana maabara. Anamwamini muuzaji.

Hapo ndipo linapohitajika chujio la taifa. Mwaka 2010 EWURA ilianza utaratibu wa kutia vinasaba katika mafuta ya soko la ndani, ili mkaguzi aweze kuyatambua yaliyochakachuliwa au kukwepeshwa kodi. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, ili bei yake isiendelee kuwa kishawishi kwa walanguzi. Hatua hiyo ilikuwa na sababu, lakini tusisahau nani aliyeilipia: mama wa kijijini mwenye kibatari alitozwa kwa hila za matajiri wenye matangi. Baada ya gharama hiyo kubebwa na makabwela, uzembe katika ukaguzi ni dhuluma ya pili.

Watasema wengine kwamba wavuvi wanaijua bahari kuliko sisi, wala hawahitaji somo. Ni kweli wanaijua bahari. Lakini hakuna ujuzi wa bahari unaoweza kuonja mafuta na kuyasafisha.

Kwa hiyo kila mmoja ana wajibu wake. Mkaguzi asiishie kwenye vituo vya barabara kuu. Afike pia pwani, ambako mafuta huuzwa kwa dumu. Ofisa anayeidhinisha mkopo wa boti na mashine ahakikishe chujio limo katika mkopo huo, pamoja na mafunzo ya kulitumia. Vyuo kama FETA kule Mbegani vipo. Mwalimu naye, anapofundisha uzito wa vimiminika, achukue chupa angavu, atie mafuta na maji, awaonyeshe wanafunzi kipi kinakaa chini. Mtoto wa mvuvi atalifikisha somo hilo nyumbani jioni ile ile.

Mvuvi achuje yale anayoweza kuyachuja. Yale asiyoweza, ni sisi tuliopewa dhamana ya kumchujia.